Siwa ya Pate: Kazi ya Fundi Aliyejibu Kunyimwa

Makumbusho ya Lamu yanahifadhi siwa mbili, yaani baragumu kubwa za fahari. Moja ni ya shaba, mali ya mji wa Lamu wenyewe. Ya pili ni ya pembe za ndovu. Imetoka Pate, kisiwa cha jirani upande wa kaskazini-mashariki, na urefu wake unapita mita mbili. Zote mbili hupulizwa kwa tundu la ubavuni, na zote zimetiwa nakshi kwa mkono usioharakishwa. Wanahistoria wamezoea kuziorodhesha pamoja na kiti cha enzi, ngoma kuu na mwavuli, kuwa alama za utawala wa miji ya Waswahili. Hawakukosea. Lakini alama ya utawala yaweza kuwa kitu chochote ambacho watu wamekubaliana kukiheshimu. Mhakiki ana swali lake: kwa nini kitu hiki kimepewa umbo hili, na umbo hilo linafanya kazi gani?

Tuliosomeshwa fasihi ya Kiswahili tumelelewa na fani na maudhui. Tunahesabu mizani ya utenzi, tunafuatilia kina cha bahari kutoka ubeti hadi ubeti, tunabishana juu ya neno moja la Kiamu katika utenzi wa Al-Inkishafi. Ni mara chache tumelielekeza jicho hilohilo kwenye vitu vilivyofanywa kwa mikono katika miji iyo hiyo iliyotupa tenzi hizo. Mlango wa nakshi tunausifu, kisha tunaupita. Siwa tunaipiga picha. Nakusudia hapa kuisoma siwa ya Pate kama tunavyosoma utenzi: kipande kwa kipande, tukiuliza kila mahali fundi alikuwa na hiari gani na kwa nini akachagua alichochagua.

Dai langu ni hili. Siwa ya pembe ni kazi iliyobuniwa kujibu kunyimwa. Fundi wake alifungwa na masharti mawili yanayovutana: ala yake ifanane na siwa iliyokataliwa, kiasi kwamba hakuna atakayesema hii si siwa, na papo hapo iizidi, ili aliyenyima aone kwamba hakuzuia kitu. Ukiyashika masharti hayo mawili, umbo lote la ala linaeleweka.

Mwana Darini na Mwenye Bayayi

Habari za Pate, zilizoandikwa katika nakala kadhaa kutokana na masimulizi ya Bwana Kitini, yaani Muhammad bin Fumo Omar wa ukoo wa Nabahani, zinatupa jambo adimu katika historia ya sanaa ya bara letu: jina la aliyeagiza kazi, jina la aliyeifanya, na sababu ya kazi yenyewe. Aliyeagiza ni Mwana Darini, mwanamke wa ukoo wa kifalme ambaye nyumba yake ilikuwa na uhasama na sultani wa wakati huo. Alitaka kumfanyia mwanawe sherehe ya kutahiriwa. Katika nyumba kama ile, sherehe bila siwa haikuwa sherehe. Ilikuwa sawa na kukiri mbele ya mji kwamba ukoo umeshushwa. Mambo yakapangwa hata siwa ya mji isimfikie.

Inasimuliwa kwamba Mwana Darini hakwenda kubembeleza. Alimwita Mwenye Bayayi, sharifu wa ukoo wa Jamal al-Layl, fundi hodari wa kuchonga, akamuuliza kama angeweza kutengeneza siwa mfano wa ile. Akasema aweza. Akapewa pembe za ndovu achague mwenyewe apendayo. Alipomaliza, mji wa Pate ulikuwa na siwa mbili, na ile mpya ndiyo iliyosifiwa kwa uzuri. Jina la fundi huandikwa kwa tahajia mbalimbali katika nakala mbalimbali, lakini nasaba yake na kazi yake havibadiliki. Wataalamu wanaiweka kazi hii mwishoni mwa karne ya 17, wakati Pate ilikuwa inapanda kwa biashara na huku ikivutana na Wareno.

Masimulizi ya namna hii hayapokelewi kama hati ya mahakama. Yalisimuliwa na ukoo unaohusika, na yalipitia vinywa vingi kabla ya kuandikwa. Hata hivyo mhakiki anaweza kuyapima kwa njia ambayo mwanahistoria hanayo: ayaweke kando ya ala yenyewe, atazame kama ala inayakubali. Ndivyo nitakavyofanya.

Pembe na ugumu wake

Tuanze na kitu ambacho fundi alikikuta tayari. Pembe ya ndovu ina uwazi upande wa shina, pale inapoota kutoka taya la juu. Uwazi huo hupungua kadiri unavyosonga mbele, kisha huisha. Kutoka hapo hadi nchani pembe imejaa, ngumu, haina njia ya pumzi. Zaidi ya hayo, pembe imepinda. Anayetaka kuigeuza ala ya kupuliza lazima aendeleze uwazi ule ndani ya sehemu iliyojaa, naye ana keekee, chombo ambacho hutoboa kwa mstari ulionyooka. Akitoboa mbali mno bila kufuata mpindo, keekee itatokea ubavuni na pembe ya thamani itakuwa imeharibika.

Hapa ndipo tunapoelewa kwa nini siwa ya Pate imeundwa kwa vipande vilivyounganishwa. Mtazamaji wa haraka ataona viungo hivyo kuwa upungufu: laiti pembe moja ingetosha! Lakini pembe za kufika mita mbili ni chache, na hata ikipatikana, haiwezi kutobolewa kwa urefu wote ikiwa nzima. Kiungo ndicho kinachoruhusu njia ya pumzi ipinde. Fundi hutoboa kila kipande kwa mstari mfupi ulionyooka, kisha huvikutanisha vipande kwa mgeuko mdogo, na jumla yake hutoa ala iliyojikunja kama pembe ya asili. Sauti hupita katika mistari iliyonyooka; jicho huona mkunjo mmoja.

Kisha fundi hakuviachia viungo vionekane kama mahali pa kuunganishia tu. Mikanda ya nakshi huzunguka ala, na kati ya mikanda pembe imeachwa laini, imesuguliwa hata rangi yake ya maziwa yaliyokaa ikajitokeza. Hii ni hesabu ya mtu anayejua mdundo. Nakshi ikienea kila mahali, jicho halipumziki na halijui pa kuanzia. Ikikosekana kabisa, mtu ataona pembe tu, mali ya mnyama, haoni kazi ya binadamu. Katika utenzi, vina vya vipande vitatu vya kwanza hubadilika ubeti kwa ubeti na kina cha mwisho kinarudi kuukusanya utenzi wote. Sikio hupata mabadiliko na marejeo kwa pamoja. Mikanda ya siwa inalifanyia jicho jambo hilo. Unapita eneo laini, unafika mkanda, unatulia, unaendelea hadi mdomo wa ala.

Tundu la ubavuni

Jambo la pili ni mahali pa kupulizia. Tarumbeta za Waarabu na za Wazungu hupulizwa kwa ncha. Siwa haina tundu nchani; lake liko ubavuni, upande ulio mwembamba. Uamuzi huu una historia ndefu kuliko Pate. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, mwandishi wa safari yake aliandika kwamba mfalme wa mji alikuwa na wapiga baragumu mbili za pembe za ndovu, zimechongwa vizuri, zina kimo cha mtu, na hupulizwa kwa tundu la ubavuni. Wareno walikuwa na tarumbeta zao wenyewe. Hata hivyo mwandishi aliona tundu hilo lafaa kutajwa. Baragumu za kupulizwa ubavuni zimeenea bara zima la Afrika, kutoka magharibi hadi bonde la Kongo. Mbiu ya pembe ya mnyama, ile ambayo methali inasema ikilia kuna jambo, ni ndugu yake mdogo.

Kwa hiyo, ukiiangalia siwa ya Pate, unaona koo mbili zikikutana katika mwili mmoja. Nakshi yake ni ya ulimwengu wa Kiislamu wa Bahari ya Hindi: misokoto, mafundo yasiyo na mwanzo wala mwisho, na maandishi ya Kiarabu. Pumzi yake ni ya Afrika. Sharifu wa Jamal al-Layl, mtu ambaye nasaba yake inarudi Hadhramaut, alipoombwa kuunda ala kuu kabisa ya mji hakuhamishia tundu nchani kama tarumbeta za Arabuni. Asingeweza. Siwa isiyopulizwa ubavuni isingekuwa siwa, na dai la Mwana Darini lingeanguka hapohapo. Hili ndilo sharti la kwanza, la kufanana, likifanya kazi mahali ambapo haliwezi kulegezwa hata kidogo.

Lakini tundu la ubavuni lina faida nyingine, na ni ya umbo. Anayepuliza tarumbeta ya ncha hujipanga nyuma ya ala, ala humtangulia. Anayepuliza siwa huishika ikiwa imemkatiza mbele, ncha upande mmoja na mdomo upande wa pili. Ala yenye urefu wa zaidi ya mita mbili, ikishikwa hivyo, inachukua nafasi ya njia nzima katika kichochoro cha Lamu au Pate, ambapo watu wawili wakikutana na punda lazima wajibanze ukutani. Msafara wa siwa haupishani na mtu. Kabla haijalia, umbo lake limekwisha kuwaambia watu wasogee.

Na inapolia, haina noti nyingi. Haina matundu ya vidole kama zumari. Mpulizaji hutetemesha midomo, na mwanzi wa mita mbili humpa sauti nzito na chache za juu yake. Wimbo hauwezekani. Kinachowezekana ni tangazo, tena kutoka ala ambayo mji mzima unaitambua kwa sauti yake. Uchache huu wa noti ni sehemu ya maana. Zumari na ngoma hushangilia harusi. Siwa huthibitisha kwamba harusi hii ni ya nani.

Shaba inayoiga pembe

Sasa tugeukie ile ya shaba, kwa sababu siwa ya Pate haisomeki peke yake. James de Vere Allen, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Lamu na aliyeandika makala juu ya siwa hizi mwaka 1976, aliziweka pamoja, na alifanya vyema. Siwa ya Lamu imesubiwa kwa njia ya nta: fundi huunda umbo na nakshi yake kwa nta, hulifunika kwa udongo, hulichoma hadi nta iyeyuke itoke, kisha humimina shaba iliyoyeyuka mahali nta ilipokuwa. Kazi hiyo ni ya kuongeza. Ukikosea ua moja la nakshi katika nta, unalifuta kwa kidole na kuliunda upya. Pembe haina msamaha huo. Mchonga pembe anapunguza tu, na alichokwisha kukiondoa kwa patasi hakirudi.

Tazama sasa jambo la ajabu katika umbo la shaba. Shaba inayosubiwa haina sababu yake yenyewe ya kupinda. Ingeweza kunyooka kama bomba, ingeweza kujikunja mara tatu kama baragumu za Ulaya. Lakini siwa ya Lamu imepinda taratibu, nyembamba huku na pana kule, kwa sababu inaiga pembe. Shaba hapa inakumbuka mnyama. Aliyeisubu alijua kwamba mamlaka ya siwa yanatoka kwenye umbo la pembe, na kwamba shaba bila umbo hilo ni mlio tu.

Basi ikiwa, kama inavyosimuliwa, siwa ya zamani iliyonyimwa Mwana Darini ilikuwa ya shaba, Mwenye Bayayi alifanya jambo la akili sana. Aliombwa aige. Kuiga shaba kwa shaba kungempa Mwana Darini nakala, na nakala daima hukaa nyuma ya ya kwanza. Yeye akarudi kwenye kitu ambacho shaba yenyewe ilikuwa inakiiga. Aliitengeneza siwa kwa pembe, na kwa uamuzi huo mmoja alipindua mpangilio wa nani ametangulia. Mbele ya siwa ya pembe, siwa ya shaba ndiyo inayoonekana kuwa mfano. Sharti la kufanana na sharti la kuzidi, ambayo yalionekana kupingana, yametimizwa kwa tendo moja: kuchagua pembe.

Ndiyo maana nasema ala hii inayakubali masimulizi. Sithibitishi kwamba kila neno la Habari za Pate lilitokea. Nasema kwamba mtu aliyetunga ala hii alifikiri kama mtu aliyepewa shida ileile ambayo masimulizi yanaieleza. Hata ukubwa wake unasema hivyo. Kwa kutangaza sherehe ya mtoto, pembe ndogo ingetosha. Urefu unaopita kimo cha mtu yeyote aliyeishika ni urefu wa kushindana.

Zanzibar inatupa ushahidi wa pembeni. Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja hadi karne ya 19, alikuwa na ngoma zake na siwa katika jumba la Dunga, na siwa hiyo ni ya mti. Pembe, shaba, mti: vitu vitatu tofauti kabisa, lakini umbo ni lile lile, na tundu liko ubavuni palepale. Kwa Waswahili wa pwani, umbo ndilo lililokuwa na daraja. Mali ghafi ilikuja baadaye, ikapandisha au kushusha heshima ndani ya daraja hiyo. Ukuu wa Mwenye Bayayi ni kwamba aliheshimu ngazi hiyo kwa ukamilifu, kisha akapanda hadi juu yake kabisa.

Pembe nyingine, fundi mwingine

Ili kuona vizuri alichofanya, nitamlinganisha na fundi wa ala wa mbali, kwa sababu pembe za pwani yetu ziliwaunganisha. Julius Blüthner alizaliwa mwaka 1824 katika kijiji cha Falkenhain, Ujerumani. Mwezi Novemba 1853 alifungua karakana yake ya piano mjini Leipzig. Mwaka huohuo Carl Bechstein alianza Berlin, na familia ya Steinweg, iliyohama kutoka Seesen, ilianza New York kwa jina la Steinway. Mwaka mmoja ulizindua nyumba tatu ambazo majina yake bado yanang'aa kwa dhahabu juu ya vibao vya piano duniani kote.

Blüthner alikuwa msomaji mzuri wa shida za umbo. Noti za juu za piano zina nyuzi fupi, na sauti yake hufa haraka. Mwaka 1873 alipata hataza ya mbinu yake: kila noti ya juu, ambayo kwa kawaida ina nyuzi tatu zinazogongwa na nyundo moja, aliiongezea uzi wa nne ambao nyundo haiugusi kamwe. Uzi huo hutetemeka wenyewe kwa kuitikia wenzake, na kuipa noti mwangwi. Aliongeza kitu kisichogongwa ili kinachogongwa kisikike vizuri zaidi. Mtu anayependa ufundi hawezi kukosa kumvulia kofia.

Lakini tazama pembe ilipo katika piano ya zama zake. Vibao vyeupe vilivikwa pembe za ndovu zilizopasuliwa nyembamba kama ukucha, zikagandishwa juu ya mbao. Watengenezaji walipendelea pembe laini za Afrika Mashariki, ambazo hazipasuki upesi na ambazo kidole hakitelezi juu yake kikiwa na jasho. Pembe hizo zilikusanywa bara, zikateremshwa hadi pwani, na Zanzibar ikawa soko lake kuu. Wafanyabiashara wa Hamburg, kama nyumba za O'Swald na Hansing, walikuwa na ofisi Zanzibar, na miji huru ya Hansa, Hamburg ikiwamo, ilitia saini mkataba na sultani mwaka 1859. Lamu nayo ilikuwa bandari ya pembe kutoka bara lililo mkabala nayo.

Katika piano, pembe ni ngozi. Haina kazi yoyote katika sauti. Ukiibandua na kuweka plastiki, kama ilivyokuja kufanywa katika karne ya 20, noti ni ileile. Katika siwa, pembe ndiyo mwanzi wa pumzi, ndiyo umbo, ndiyo ukuta unaoizunguka hewa inayotetema ndani. Mwenye Bayayi aliichukua pembe kama mwili wenye sheria zake: uwazi wake, mpindo wake, ugumu wake nchani. Kiwanda cha piano kiliihitaji pembe isiyo na umbo, iliyopasuliwa hadi ikasahau kwamba ilipinda.

Sisemi hivi ili kumshusha Blüthner, ambaye ubunifu wake ulikuwa katika nyuzi na mbao. Nasema hivi kwa sababu ulinganisho huu unaonyesha kwamba kutumia mali ghafi na kuielewa ni mambo mawili. Na unaonyesha gharama pia. Siwa ya Pate ilihitaji pembe chache, ikadumu zaidi ya miaka 300. Biashara ya vibao vya piano na mipira ya biliadi ilikula makundi mazima ya ndovu, na ilikwenda sambamba na utumwa wa wapagazi waliozibeba pembe hizo hadi pwani. Kenya ilipochoma tani 12 za pembe mwaka 1989, na tani 105 mwaka 2016, ilikuwa inafunga hesabu ambayo ilifunguliwa na matumizi ya namna hiyo. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetaka siwa nyingine ya pembe leo, wala umbo lake halidai hivyo. Siwa ya Mwinyi Mkuu imekwisha kutuonyesha kwamba mti unatosha.

Jina na mahali pake

Kuna tofauti moja zaidi. Jina la Blüthner limeandikwa mbele ya kila ala yake. Mnunuzi hulisoma kabla hajabonyeza noti. Kwenye siwa, anayesoma maandishi anakuta Kiarabu kilichofanywa kuwa nakshi, herufi zikitumika kama mkanda miongoni mwa mikanda. Jina la Mwenye Bayayi tumelipata mahali pengine kabisa: katika masimulizi ya mji. Mfumo wa kumtambua fundi ulikuwapo, ila ulikaa kinywani mwa watu, ukifungwa na kisa cha mwanamke aliyekataa kudharauliwa.

Hili linatoa jibu kwa wale wanaodai kwamba sanaa ya Afrika ya zamani haina watunzi, ina makabila tu. Pate ilimkumbuka fundi wake kwa jina, ukoo na kazi, ikamkumbuka na mwanamke aliyemwajiri. Tunaomsoma Mwana Kupona na kutamka jina lake kwa heshima kila tunapotaja utendi wake tunajua kwamba visiwa hivi havikuwa na mazoea ya kuwafuta watunzi. Ni sisi, tulipoanza kuviweka vitu nyuma ya vioo na kuviandikia kwa utaratibu wa makumbusho ya Ulaya, tuliozoea kuandika mali ghafi, karne na mahali, tukaona tumemaliza.

Kwa hiyo kazi ya uhakiki hapa ina matokeo ya vitendo. Kwanza, kila mahali siwa ya Pate inapoonyeshwa au kuchapishwa, majina ya Mwana Darini na Mwenye Bayayi yanapaswa kutangulia, pamoja na maelezo kwamba tumeyapata katika masimulizi ya mji. Utenzi hatuuchapishi bila mtunzi eti kwa sababu nakala zinatofautiana. Pili, walimu wa fasihi waiingize ala hii katika mafunzo ya fani. Mwanafunzi atakayeeleza kwa nini tundu liko ubavuni, kwa nini kuna kiungo pale na nakshi hapa, atakuwa amejifunza jambo lilelile analotafuta katika mizani: kwamba sharti gumu, likikubaliwa kwa moyo wote, humpa fundi njia ambayo uhuru usingemwonyesha.

Tatu, siwa isikike. Ala iliyokaa kimya kwa vizazi imepoteza nusu ya umbo lake, kwa kuwa urefu, mpindo na uwazi wa ndani vyote vilipimwa kwa ajili ya pumzi. Hakuna haja ya kuigusa ile ya karne ya 17. Visiwani bado kuna mafundi wa majahazi Matondoni, wanaojua kupata mpindo wa mbavu za chombo kutoka kwenye mti uliopinda wenyewe, na kuna wachonga milango Lamu ambao mikono yao inaujua mkanda wa msokoto. Wapewe vipimo vya ala ya Mwenye Bayayi, wapewe mti mzuri, waunde siwa ya kupulizwa katika sherehe za visiwa. Watakutana na shida zilezile alizokutana nazo: wapi pa kukata, wapi pa kuunga, keekee iingie kwa mwelekeo gani, tundu likae wapi. Watakavyozitatua ndivyo tutakavyojua zaidi ya maneno yangu yote jinsi sharifu yule alivyofikiri, na Pate itakuwa imepata tena wahakiki wa siwa wanaoijua kwa mikono.